Nyongeza za Mzee Funiko

Hapo zamani za juzi, katika nchi ambayo ramani zake huchapwa bila jina ili kuokoa wino, aliishi mwanamke mmoja aliyeitwa Sikudhani. Nchi hiyo haikuwa na mfalme. Ilikuwa na Mlezi Mkuu, ambaye alipiga marufuku kuitwa mfalme siku ileile alipojiongezea muhula wa sita, na wananchi walimshukuru sana kwa unyenyekevu huo.

Sikudhani alikuwa na steshenari mkabala na ofisi ya wilaya. Alipiga chapa, alitoa kopi, alilaminisha vyeti, na kwa miaka kumi na tisa ya kuwaandikia watu barua za kwenda kwa wakubwa, aliijua lugha ya serikali kuliko serikali yenyewe. Barazani mwa duka hilo mdogo wake, Abeid, alikuwa na meza ya kutengenezea simu. Baba yao alifariki Abeid akiwa bado hajaota meno, na mama yao, Bi Hadima, akawa mtu wa kuugua leo na kupona kesho. Kwa hiyo Sikudhani ndiye aliyembeba Abeid mgongoni, akampeleka shule siku ya kwanza, akasimama nje ya dirisha la darasa mpaka alipoacha kulia. Alikuwa ndugu yake, na alikuwa mwanawe pia.

Watu wa nchi ile walikuwa na kundi lao kwenye simu, lililoitwa Kijiwe cha Wazushi. Wakati mmoja mgao wa umeme ulipofika siku ya tatu, mtu mmoja ambaye simu yake ilikuwa na chaji kidogo alituma picha: koti la jirani limetundikwa juu ya ua, na juu ya koti limeanikwa funiko la sufuria. Chini yake akaandika, "Huyu mzee anauliza kama mmeshakula." Hakuna ajuaye kwa nini jambo hilo lilichekesha. Katika nchi ile vya kuchekesha vilikuwa haba, na kilipopatikana kimoja watu walikicheka mpaka mifupa.

Ndivyo alivyozaliwa Mzee Funiko. Kijiwe kilikuwa na sheria moja tu: *Ongeza, usifute.* Kila mtu aliruhusiwa kuongeza neno, na hakuna aliyeruhusiwa kulifuta neno la mwenzake. Mtu akisema upuuzi, anayefuata alitakiwa kuusogezea kiti na kuendelea. Mmoja akaongeza kwamba chini ya funiko hakuna uso, kuna giza na harufu ya wali ulioungua. Mwingine akaongeza kwamba Mzee hagongi mlango, hukohoa kwa adabu. Kwamba humeza mtu mzimamzima na kubakisha ndala. Kwamba ana goti bovu, hivyo hapandi ngazi. Mwuza dawa mmoja wa huko milimani akaongeza kwamba anaogopa bata, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Abeid naye alikuwa na ugonjwa wake, ugonjwa wa kuuliza. Aliuliza palepale Kijiweni: "Daraja letu limezinduliwa mara tatu. Mbona mto bado tunauvuka kwa kukunja suruali?" Watu wakacheka. Kesho yake akauliza saruji ilikwenda wapi, na safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Sikudhani aliingiwa na hofu. Lakini dada hamwambii mdogo wake "naogopa", humtania. Akaandika: "Nyongeza: Mzee Funiko anapenda zaidi nyama ya wanaouliza-uliza maswali. Abeid jihadhari, utamezwa pamoja na miwani yako." Watu mia nne na kumi na wawili wakacheka. Abeid mwenyewe aliingia dukani simu mkononi, machozi ya kicheko yakimtoka. "Dada Siku," alisema, "leo umenimaliza."

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, gari jeupe lisilo na namba lilisimama mbele ya duka. Wakashuka wanaume wanne waliovaa vizuri. Walisalimia. Mmoja alimwomba Abeid kitambulisho, akakipeleka kaunta, akamwambia Sikudhani, "Dada, tutolee kopi mbili, nyuma na mbele." Sikudhani akatoa. Zilitoka safi, hata ndevu za Abeid zilionekana. Yule bwana akashukuru, akazikunja, na wale watatu wengine wakamwinua Abeid kutoka kwenye kigoda chake na kumwingiza garini. Bisibisi ilibaki mezani, imechomekwa kwenye simu ya mtu.

Sikudhani alikimbia kituo cha polisi bila viatu. Ofisa wa zamu alimsikiliza kwa huruma kubwa, akafungua daftari, akalifunga.

"Mama, gari unasema halikuwa na namba?"

"Halikuwa nayo."

"Sasa tutalitafuta kwa namba gani?"

Hakuwa peke yake. Katika miezi miwili ile walichukuliwa wengi: mwalimu mmoja wa hesabu, mwimba kwaya, mwuza magazeti aliyesoma kichwa cha habari kwa sauti. Vilio vilizidi mpaka vikawa vinasikika hata katika sherehe za uzinduzi, jambo lililomkera Mlezi Mkuu, maana yeye alikuwa mpenzi wa matarumbeta. Ikabidi litafutwe jibu. Na serikali, ambayo ilikuwa ikisoma simu za watu wake kwa bidii kuliko barua zao, ikalikuta jibu limeshaandaliwa na wananchi wenyewe.

Aliyelitangaza ni Bwana Baltazari Nyembo, Mkurugenzi wa Idara ya Viumbe Visivyosajiliwa, idara iliyoanzishwa asubuhi hiyo. Alivaa suti ya vipande vitatu katika joto la kuyeyusha mshumaa.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu ni sikivu. Imewasikiliza mpaka ndani ya mifuko yenu. Kwa muda mrefu ninyi wenyewe, kwa hiari yenu, mmekuwa mkituarifu kuhusu dubwana hatari, mrefu, mwenye koti, ambaye humeza raia. Tulichelewa kuwaamini. Kwa hilo tunaomba radhi. Sasa tunawaamini kabisa. Ndugu zenu hawakuchukuliwa na mtu yeyote mwenye mshahara. Wamemezwa na Mzee Funiko."

Bunge lilipitisha Sheria ya Dubwana kwa kupiga meza dakika ishirini. Kifungu cha kwanza kilisomeka: *Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.* Mbunge mmoja wa upinzani alisimama kuuliza swali, akakumbuka ni nyama ya namna gani Mzee Funiko anaipenda, akaketi.

Nchi ilibadilika haraka. Kila ofisi ya umma ilipewa bata wawili wa ulinzi. Bata wa Ikulu walivishwa vyeo, na mmoja alipofikia ukoplo alipigiwa saluti na askari waliomzidi umri. Maofisa wenye maadui walihamia ghorofa za juu, kwa sababu ya lile goti bovu. Watoto wa darasa la tano wakatungiwa mtihani: *Taja tabia nne za Mzee Funiko. Je, anapendelea kumeza raia wa aina gani? Eleza jinsi utakavyojiepusha kuwa raia wa aina hiyo.* Watoto walifaulu wote.

Sikudhani alipoliona swali hilo alikuwa akilitolea kopi mia mbili kwa ajili ya shule ya msingi. Mwalimu aliyelileta alimkuta ameketi sakafuni kando ya mashine, karatasi zikiendelea kumwagika juu yake.

Siku iliyofuata alikwenda Idarani. Waombaji walijaa, kila mmoja na picha ya mtu wake, na makatibu muhtasi watatu walimpitisha mmoja baada ya mwingine kama ndoo ya zege. Sikudhani alimweleza kila mmoja jambo lilelile, kwamba Mzee Funiko ni uongo na yeye ndiye mwongo mwenyewe. Alipofika kwa Mkurugenzi sauti ilikuwa imekauka.

"Mheshimiwa, nimekuja kukiri. Yule dubwana tulimtunga. Ilikuwa mchezo. Hilo la kumeza wanaouliza maswali nililitunga mimi, nikimtania mdogo wangu. Hakuna Mzee Funiko. Kuna gari jeupe. Naomba mnirudishie Abeid."

Bwana Nyembo hakukasirika. Alifungua faili, akamgeuzia. Ndani yake, kwenye karatasi nzuri yenye nembo, maneno yake yalikuwa yamechapwa upya bila kosa, pamoja na muhuri: *Nyongeza Namba 41. Mtoa hoja: Bi Sikudhani, mwenye steshenari.*

"Tunakufahamu sana, dada yangu," alisema. "Hii ndiyo nguzo ya sera yetu. Kabla yako tulikuwa na dubwana asiye na mwelekeo."

"Basi ifuteni. Mimi mwenyewe niliyeisema naifuta."

"Aa, hapo umeniweza." Mkurugenzi alishika moyo. "*Ongeza, usifute.* Ndiyo sheria yenu. Serikali inaheshimu taratibu walizojiwekea wananchi. Leo nikifuta yako, kesho nitafuta ya nani?"

Alimsogezea karatasi nyingine. Ilikuwa Cheti cha Kumezwa, na jina la Abeid limeshajazwa. Ukitia saini, alieleza, faili la kutafutwa linafungwa na familia inapata kibali cha turubai na matanga. Usipotia, marehemu anaendelea kuhesabiwa kuwa amekawia, na mikusanyiko kwa ajili ya watu waliokawia ni kosa.

"Yuko hai?" Sikudhani aliuliza. "Niambie hilo tu. Yuko hai?"

"Dada yangu," alisema Bwana Nyembo kwa upole, "hayo ni maswali."

Hakutia saini. Alirudi nyumbani akamkuta Bi Hadima ameketi kwenye mkeka, tasbihi mkononi. Mama yule alikuwa na simu ya kitochi, ya kupigia na kupokea tu. Mambo ya Kijiwe hakuyajua. Majirani walijua wote, na hakuna aliyefungua mdomo mbele yake.

"Wamesemaje?"

"Wanasema tusubiri."

"Nami nasubiri. Lakini mwanangu, nimlilie au nisimlilie? Nikimlilia nahisi namzika akiwa mzima. Nisipomlilia nahisi namtupa. Niambie moja nilifanye."

Sikudhani aliketi kando yake mkekani. Ikatimia miezi saba tangu Abeid achukuliwe, mama akilia nusu na kujizuia nusu.

Hatimaye Sikudhani akakumbuka kwamba kama kufuta kumekatazwa, kuongeza hakujakatazwa. Siku moja baada ya sala ya adhuhuri alifunga mlango wa duka, akaketi mbele ya kompyuta yake, akaandika kama alivyowaandikia wengine barua zote zile, kwa lugha ambayo ofisi haiwezi kujifanya haiijui:

"Nyongeza: Mzee Funiko hana tumbo. Aliowameza wote wangali hai, kila mmoja na jina lake. Jina la aliyemezwa likitajwa hadharani na ndugu yake, Mzee Funiko hana budi kufunua funiko na kumrudisha mtu huyo mbele ya umma, akiwa mzima, ndani ya siku tisini. Naanza mimi. Abeid."

Hakucheka mtu.  Kisha mwanamke mmoja wa mji wa mbali akaandika, "Naongeza. Mume wangu Mpunga, mwalimu wa hesabu." Halafu mzee mmoja: "Naongeza. Binti yangu Tupokigwe, alikuwa anaimba sauti ya tatu." Mpaka jua linatua yalikuwa majina mia na kitu, na mengine yaliandikwa na watu ambao hawakuwahi kujiunga na Kijiwe kwa ajili ya mzaha.

Idara ikapata kizunguzungu. Miezi mitano mizima walikuwa wamefundisha taifa kwamba kila nyongeza ya Kijiwe ni kweli tupu. Watoto walitahiniwa, bata walipandishwa vyeo kwa sababu yake. Wataalamu waliitwa kwenye warsha ya siku tatu hotelini. Walijadili, wakala, wakajadili tena chakula. Mwisho wake Bwana Nyembo akatokea hadharani, akafuta jasho, akatangaza kwamba kwa mafanikio makubwa ya serikali, Mzee Funiko amekubali kufunua. Sherehe ingefanyika uwanja wa michezo wa taifa.

Sikudhani alichukua shati la Abeid la bluu, akalipiga pasi, akalitia kwenye mfuko. Bi Hadima alitaka kwenda, miguu ikakataa. "Mwambie nimempikia maharage ya nazi," alisema. "Mwambie hayakuungua."

Uwanjani matarumbeta yalipigwa. Katikati ya nyasi palijengwa funiko la bati, kubwa kama nyumba, na lilipoinuliwa kwa kamba wakatoka chini yake watu thelathini na mmoja, wamekonda, mikono juu ya macho. Ndugu zao walivunja uzio. Kwa muda hapakuwa na serikali pale, kulikuwa na watu wanashikana nyuso tu, wanaitana majina, na hata wapiga tarumbeta walisahau kupuliza. Tupokigwe alitoka akamwona baba yake, akaketi chini palepale.

Mtangazaji wa redio ya taifa aliwafuata na kipaza sauti. "Ndani ya Mzee Funiko pakoje?"

"Giza," walijibu walivyofundishwa, "na harufu ya wali ulioungua."

Mwalimu Mpunga, aliyekuwa amezoea kujibu sawasawa, alisema, "Pana sakafu ya saruji," na kipaza sauti kikaondolewa haraka.

Sikudhani alihesabu waliotoka, akahesabu tena. Alichungulia chini ya bati. Palikuwa na nyasi tu. Alimfuata Bwana Nyembo jukwaani, akimpita koplo bata na askari wake, na hakuna aliyethubutu kumshika.

"Abeid yuko wapi? Nilimtaja wa kwanza."

Mkurugenzi alitoa simu yake mfukoni, akatafuta, akamwonyesha. Jana yake, mtu mwenye namba isiyojulikana alikuwa ameandika Kijiweni: "Nyongeza: isipokuwa waliomezwa siku ya Jumanne. Hao hawarudi."

"Nasikitika sana," alisema. "Lakini sheria mnaijua ninyi."

Sikudhani aliisoma mara mbili.  Alishuka ngazi za jukwaa na ule mfuko wake, akaketi kwenye ukingo wa uwanja, na alipoinua macho Mwalimu Mpunga alikuwa amesimama mbele yake na mkewe.

"Wewe ndiye dada Siku," alisema. "Nilikuwa naye chumba kimoja. Alikuwa anatuchekesha. Alituambia dubwana lile alilitunga dada yake, na kwamba dada yake ni hodari wa utani kuliko watu wote wa nchi hii. Alikuwa anajivuna. Tukiogopa alituambia, 'Jamani, tumo ndani ya utani wa dada yangu tu, mtu hafi kwa utani.'"

"Mpaka lini?"

Mwalimu alimtazama mkewe, kisha akatazama nyasi. "Mpaka mwezi wa pili wa kukaa mle. Alimuuliza mlinzi swali. Wakamwita kwa jina lake, akatoka. Nilibaki na miwani yake, lakini hata hiyo waliichukua. Nisamehe."

Mwezi wa pili. Sikudhani alipokuwa akiandika ile nyongeza yake, akitia nukta na mkato mahali pake, Abeid alikuwa ameshazikwa miezi mitano mahali asipopajua mtu. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya bendera na bata, na mke wa Mwalimu alimshika kichwa akakilaza tumboni mwake.

Kesho yake alikwenda Idarani akatia saini Cheti cha Kumezwa. Kibali cha turubai kilitoka siku hiyohiyo. Katika jambo hilo serikali ile ilikuwa haina urasimu kabisa. Wakaweka matanga. Idara ilituma salamu za rambirambi na bata mmoja. Watu walikuja wengi, wale thelathini na mmoja wote walikuja na ndugu zao, na Bi Hadima alilia kilio chake chote bila kujizuia.

Siku ya tatu, wageni walipopungua, alimwita binti yake.

"Sikudhani."

"Abee, mama."

"Njoo ukae hapa." Alimshika mkono. "Nasikia huyo mzee wa funiko mlimtunga huko kwenye masimu yenu."

"Ndiyo, mama. Tulimtunga."

"Na lile la kula wanaouliza maswali, nani alilitunga?"

Sikudhani alikuwa amewaeleza makatibu muhtasi watatu. Alikuwa amemweleza Mkurugenzi usoni. Alifungua mdomo, akamtazama mama yake, uso ulivyosinyaa kwa siku tatu za machozi.

"Sijui, mama. Tulikuwa watu wengi."

Bi Hadima alitikisa kichwa polepole, akiupapasa mkono alioushika.

"Basi Mungu amsamehe, awe nani awe nani," alisema. "Labda hakuwa na ubaya. Labda alikuwa anacheka tu na wenzake."

Wanawake waliokaa karibu wakaitikia amina, na Sikudhani naye akaitikia.